Machozi ya Wacheza Sarakasi

Tumeitazama nakala, iliyochorwa kwa mkono, ya picha ya Gustave Doré, Mfaransa, aliyoichora mwaka 1874. Picha yenyewe imo katika nyumba ya makumbusho mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Yaonyesha maskini waliotafuta riziki kwa kucheza sarakasi barabarani. Mtoto wao ameumia mchezoni, kichwa kimefungwa kitambaa. Mama amempakata, akilia. Baba ameketi karibu, naye machozi yamtoka, angali amevaa nguo za kuchekesha watu. Nguo hizo ndizo zilizotuchoma moyo. Je, sisi hatuwatumi watoto kazi zipitazo nguvu zao, ili tupate senti? Mtoto ni amana ya Mungu. Heri tumwonee uchungu leo, angali mzima.