Darubini: Ghali au Nafuu?

Leo tuache programu kidogo, tuzungumze juu ya lenzi.

Kampuni kama Zeiss na Swarovski hutengeneza darubini za kufungwa kwenye bunduki ili kulenga mbali, na pia zile za kutazamia kwa macho mawili. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hivyo swali linalotuhusu wengi wetu ni la hizi za macho mawili. Je, ya ghali inastahili bei yake?

Binamu yangu hutembeza watalii wanaotazama ndege katika msitu wa Kakamega. Juzi alinipigia simu. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta, hebu nipigie hesabu. Nina elfu hamsini. Nichukue mkopo wa Sacco niongezee, ninunue Swarovski?" NL Pure 8x42 ya Swarovski huuzwa zaidi ya dola 2,500 za Marekani. Na binamu ana mtoto anayeanza Gredi ya 10. Basi nikaketi nikapiga hesabu.

Kwanza, zile nambari. 8x42 maana yake inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Gawanya 42 kwa 8, unapata 5.25. Huo ndio upana wa mwanga, kwa milimita, unaofika jichoni. Ile ndogo ya mfukoni ya 10x25 inatoa 2.5 tu. Mchana kwenye jua kali hutaona tofauti kubwa. Ndani ya msitu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mboni imepanuka, na 8x42 inaweza kukupa mwanga zaidi ya mara nne. Faida hii haihusiani na jina la kampuni.

Pili, mpako. Kila uso wa kioo usiopakwa dawa hurudisha nyuma karibu asilimia 4 ya mwanga. Tuseme darubini ina nyuso 16. Zidisha 0.96 mara 16, unabaki na asilimia 52. Karibu nusu ya mwanga imepotea njiani! Ukipaka kila uso vizuri hadi upoteze nusu asilimia tu, unabaki na asilimia 92. Mpako huu ulibuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935, na leo unapatikana hata kwenye darubini za bei ya kati. Kutoka 52 hadi 92 ni ruka kubwa. Baada ya hapo, hata ulipe maelfu ya dola, zimebaki pointi 8 tu za kufukuzia.

Sisi waandika programu tunaijua hadithi hii. Marekebisho ya kwanza huipa programu kasi maradufu, na ya mwisho hula wiki nzima kwa faida ndogo.

Lakini tusiwe waongo, pesa inanunua kitu. NL Pure 8x42 inaonyesha upana wa mita 159 kwa umbali wa mita 1,000. Nikon Monarch M5 8x42, ya takriban dola 300 kabla ya usafiri na ushuru, inaonyesha mita 112. Ndege anayerukaruka juu mitini, huo upana unakusaidia kumpata haraka. Pia picha ya ghali hubaki kali hadi pembezoni.

Nilimwambia binamu hivi: "Wageni wanakulipa kwa sababu unaijua sauti ya ndege kabla hawajamwona. Hiyo haiuzwi na Swarovski. Nunua ya kati, usiguse mkopo."

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Sawa kaka. Lakini siku moja nitainunua."

Nami naamini ataipata, na ataipata bila deni.

Nawe ukienda dukani, angalia mambo matatu: 8x42, nyuso zote zilizopakwa tabaka kadhaa, na isiyoingia maji. Ukipata hayo, jina la kampuni lije mwisho.