Wimbo Ule Ule Unaporudi

Tukitazama sinema macho hufanya kazi, masikio yakalala. Mimi jioni, kazi ya ukarani ikiisha, huusikiliza muziki peke yake, bila picha: ule wa sinema tatu za The Lord of the Rings, zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003. Aliyeutunga ni Howard Shore wa Kanada.

Sikilizeni jambo moja. Nchi ya wale watu wafupi, Shire, ina wimbo wake wa filimbi na fidla, mwepesi kama watu watokao mavunoni. Adui wa Isengard huja kwa mapigo matano matano, vyuma vikigongwa. Mwisho wa safari wimbo wa Shire unarudi. Ni ule ule, lakini sasa unakwenda polepole, una huzuni ndani yake.

Mdogo wangu naye amerudi kutoka mjini baada ya miaka sita, mnyamavu. Majirani husema, "Huyu si yule." Mimi nasema ni yule yule, ila amebeba mengi. Basi, ndugu zangu, aliyerudi kwenu msimhukumu upesi. Msikilizeni kwanza.