Kusikia kwa Vidole

Kitenzi 'kusikia' kina ukarimu wa ajabu katika lugha yetu. Twasikia sauti, twasikia harufu, twasikia baridi, njaa na maumivu. Wanaisimu wenzangu wataliita jambo hili upana wa maana kisha wapite. Mimi limenishughulisha tangu nyanya yangu, mzawa wa Faza, alipoanza kupotewa na maneno.

Majina yalitangulia kwenda, kisha njia ya kisimani, kisha sisi wenyewe. Majirani walinong'ona kuwa amerogwa. Daktari alisema ni ugonjwa wa Alzheimer, ule ambao Alois Alzheimer aliueleza wataalamu wenzake huko Ujerumani mwaka 1906, na ambao hadi leo hauna dawa ya kuuponya. Mjomba wangu alishauri mlango ufungwe kwa nje, madhali mtu asiyejua kitu hapotezi kitu. Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kusoma.

Nilikutana na mbinu ya kuchochea hisi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Waholanzi wawili, Jan Hulsegge na Ad Verheul, waliunda vyumba vyenye mwanga wa rangi, muziki mwororo, manukato na vitu vya kupapasa, kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa akili. Waliviita Snoezelen, neno lililounganisha vitenzi viwili vya Kiholanzi, cha kunusanusa na cha kusinzia. Baadaye mbinu hiyo ilihamia kwa wazee wenye usahaulifu. Hata hivyo, tathmini ya Cochrane ya mwaka 2002 haikupata ushahidi wa kutosha wa kuithibitisha, nami sioni ajabu. Mwanga wa zambarau ungemwambia nini bibi aliyekulia kwenye kibatari?

Kwetu hakukuwa na chumba cha aina hiyo. Nilianza na iliki na karafuu, kwani nilikuwa nimesoma kwamba harufu ina njia ya mkato kuelekea sehemu za ubongo zinazohifadhi kumbukumbu na hisia. Alizishika, akazirudisha sahanini. Baadaye nilielewa: aghalabu ugonjwa huu hudhoofisha pua mapema, pengine kabla ya familia kutambua lolote. Redio nayo ilimtia hofu, hasa watangazaji wawili wakizungumza kwa pamoja.

Ndipo shangazi akaleta kitita cha miyaa.

Nyanya aliipapasa kwa muda mrefu, akaikunja, akaipima kwa kidole gumba. Kisha akaniambia, kwa lahaja ya kwao, kuwa miyaa ilikuwa kavu mno, niinyunyizie maji. Kwa majuma kadhaa hakuwa ametamka sentensi kamili. Nilipoleta maji, vidole vilianza kusuka ukili, jicho likiwa dirishani, wala havikukosea mkunjo. Wataalamu hueleza kwamba ujuzi wa mikono hutunzwa katika sehemu za ubongo ambazo maradhi haya huchelewa kuzifikia. Ufafanuzi huo nimeukubali, ingawa haunitoshelezi. Mtu aitambuaye miyaa kavu kwa kuigusa anajua kitu, na wa kumfungia mlango ana wajibu wa kujibu hoja hiyo kwanza. Mjomba bado hajaijibu, lakini kufuli lipo kabatini.

Si kila siku huwa hivyo. Zipo asubuhi ambazo huitupa miyaa na kulia, nasi huiondoa mbele yake bila kumsihi, tukakaa naye tu. Siku njema pia zina mpaka: baada ya nusu saa hivi vidole huanza kutetemeka, naye hajui tena kupumzika mwenyewe, kwa hiyo mmoja wetu humshika mikono taratibu. Ukili umefikia pima kumi na tatu. Kuushona uwe mkeka kwataka mpangilio ambao hana tena. Shangazi ameanza kuushona, na jioni huuweka mapajani mwa nyanya aupapase ukingo.