Tovuti ya kikundi: kabla ya rangi, uliza ufunguo uko kwa nani



Siku hizi nikipita Kinole au Matombo naulizwa kwanza habari za migomba, halafu linafuata swali la pili: "Bwana shamba, na sisi kikundi chetu tufungue tovuti?" Nimelijibu kwa mdomo mara nyingi. Leo naliandika ili ulisome kabla hujatoa hela.

Kitu unachochagua hasa ni mfumo wa kusimamia maudhui, yaani programu inayokaa nyuma ya tovuti na kukuwezesha kuandika, kuweka picha na kubadilisha bei bila kumwita fundi. Ukitaka kuelewa, fungua tovuti ya Halmashauri ya Wilaya ya Mvomero, kisha ya Wilaya ya Morogoro. Zinafanana kama sare za shule. Mwaka 2017 Serikali ilizindua tovuti za mikoa na halmashauri zilizojengwa kwa mfumo mmoja, kazi iliyoshirikisha TAMISEMI na eGA. Sura ni ileile; habari, picha na matangazo vinawekwa na watumishi wa kila halmashauri. Ni kama sokoni: meza ni kitu kimoja, ndizi zilizo juu yake ni kitu kingine, na ndizi unaweza kuzibadilisha kila siku bila kumwita seremala.

Kwa kikundi kidogo mimi naangalia mifumo miwili tu, Blogger na WordPress. Ipo pia Joomla, iliyoanza mwaka 2005 na kuchukua jina lake kwenye neno letu "jumla", hilohilo la jumla na rejareja. Jina ni la nyumbani, lakini kwa anayeanza ina mambo mengi mno.

Blogger ni ya Google tangu 2003 na haina malipo. Ni kama kupewa fremu bure kwenye jengo la mtu: ulinzi ni wake, paa ni lake, ila huruhusiwi kubomoa ukuta. Utaandika na kuweka picha na namba ya simu. Duka kamili lenye kikapu cha manunuzi hutalipata kirahisi. WordPress inakuja kwa namna mbili, na hapa wengi wanachanganyikiwa. Ya wordpress.com ni fremu ya kupanga, yenye sehemu ya bure na ya kulipia. Ya wordpress.org ni programu ya bure unayoisimika mwenyewe, sawa na kujenga kwenye kiwanja chako. Unaweza kuongeza hata duka, lakini kila mwaka unalipia jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi, na paa likivuja ni lako. Usipoisasisha pamoja na vijalizi vyake, wezi wa mtandaoni watapitia hapohapo.

Sasa jambo linaloniumiza. Kikundi kimoja cha viungo ninachokifahamu kilimlipa kijana akawajengea tovuti nzuri kweli. Wakachapa anwani yake kwenye lebo za pakiti za mdalasini na pilipili manga. Kijana alikuwa amesajili jina la tovuti kwa jina lake na kufungua kila kitu kwa barua pepe yake. Akahama, namba ikawa haipatikani, malipo ya mwaka yakapita, tovuti ikazima. Mweka hazina alikaa na mkasi akikata mstari wa chini wa kila lebo, pakiti moja baada ya nyingine. Mfumo wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla hujauliza rangi, muulize fundi wako haya. Jina la tovuti limesajiliwa kwa nani? Likiwa la .co.tz, risiti iandikwe jina la kikundi. Barua pepe ni ya nani? Fungueni ya kikundi, na wasimamizi wawe wawili, tuseme katibu na mweka hazina. Blogger na WordPress zote zinaruhusu. Tukitaka kuhama, tutatoa vitu vyetu vipi? Zote mbili zina sehemu ya kupakua maandishi yako kwenye faili moja, ila picha zihifadhi kando, maana kwenye faili la WordPress hazimo. Fundi akijibu "msijali, nitawashughulikia mimi", jali.

Halafu mwambie akuonyeshe jinsi ya kubadilisha bei kwa simu yako, hapo hapo ulipo, kwa mtandao wa huko mlimani. Usipoweza mbele yake, akiondoka hutaweza kabisa. Picha zipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Ya simu inaweza kuwa MB 3 au 4, na mnunuzi hatasubiri ifunguke.

Ninyi wa Mgeta mnaouza kabichi na karoti, nitasema wazi: kwa sasa msitumie hela huko. Mzigo wenu unaondoka na gari la leo, na bei ya asubuhi jioni si hiyo. WhatsApp Business ina orodha ya bidhaa, ni ya bure, inatosha. Tovuti inamfaa mwenye bidhaa inayokaa stoo na mnunuzi wa mbali anayetaka kujua wewe ni nani kabla hajatuma fedha.

Na mkitaka kuandika habari za matukio, tofauti na bidhaa zenu, ulizeni TCRA kwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zipo tangu 2018 na zimeshabadilishwa, zikiwemo ada za leseni.

Anayetaka kujaribu Blogger aje ofisi ya kata siku ya gulio, simu ikiwa na chaji. Aje na katibu wake.