Paka mgongoni mwa ng'ombe

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi. Msinilaumu, nimepata ujomba. Dada yangu kajifungua mtoto wa kike, na nimegundua kwamba kiumbe cha kilo tatu kinaweza kusimamisha shughuli za ukoo mzima.

Leo nina jambo la kukiri. Siku ya nne baada ya kujifungua, matiti ya dada yalikuwa yamejaa mpaka yanamuuma, lakini mtoto akinyonya anapata matone tu, anaachia, analia. Nesi mmoja alikuwa keshamfokea mbele ya wodi nzima: "Wewe mama, mbona unamnyima mtoto maziwa?" Tulipofika nyumbani mashangazi wakaongeza ya kwao. Eti ana kinyongo na mumewe. Eti anaogopa kuharibu umbo. Nami, msomi wa familia, mwandishi wa habari, nikatia langu: "Mbona mama alitunyonyesha wote watano bila shida?" Dada hakunijibu. Aligeukia ukutani.

Usiku ule usingizi ulinikimbia, nikamkumbuka babu kule Shinyanga. Alikuwa na ng'ombe wa kienyeji, wale wa nundu. Kabla ya kukamua alimwacha ndama anyonye kidogo, kisha anamfunga karibu na kichwa cha mama yake ili amlambe. Sisi watoto wa mjini tuliokwenda likizo tulifukuzwa zizini. "Mkimtisha atayabana," alikuwa akisema. Nilidhani ni imani za wazee tu.

Nikawasha kompyuta, nikaanza kusoma. Kumbe mwaka 1941 watafiti wawili wa Marekani, Fordyce Ely na W. E. Petersen, walichapisha majaribio kuhusu jambo hilohilo la babu. Walikata neva za nusu moja ya kiwele cha ng'ombe, nusu ya pili wakaiacha na neva zake. Kama amri ya kushusha maziwa ingefika kwa neva, kama umeme kwenye waya, basi nusu iliyokatwa ingegoma. Haikugoma. Nusu zote mbili zilishusha. Maana yake amri ilikuja kwa njia ya damu.

Kisha wakamtisha ng'ombe. Walimweka paka mgongoni mwake, wakawa wanapasua mifuko ya karatasi iliyojazwa hewa kila baada ya sekunde 10, kwa dakika mbili. Maziwa yakabanwa! Walipomchoma sindano ya adrenalini, homoni inayomwagika mwilini wakati wa hofu, ikawa vilevile.

Na hiyo amri inayokuja kwa damu ni nini? Ni oksitosini. Wataalamu huiita nyuropeptidi: mnyororo mfupi wa asidi amino 9 tu, unaotengenezwa na seli za neva ndani ya ubongo, katika sehemu iitwayo hipothalamasi, na kuachiwa kwenye damu kupitia tezi ya pituitari. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud na wenzake walifanikiwa kuitengeneza katika maabara yao New York, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ndama akinyonya, habari inapanda ubongoni, oksitosini inashuka na damu hadi kwenye kiwele, inabana vifuko vya maziwa, maziwa yanatoka. Hofu inaweza kuizuia kule kule ubongoni isiachiwe. Na adrenalini nayo hubana mishipa ya damu, hivyo hata ile iliyoachiwa inachelewa kufika.

Mtasema huyo ni ng'ombe. Haya, mwaka 1948 Michael Newton na Niles Newton walichapisha jaribio la mama anayenyonyesha. Alisumbuliwa makusudi: miguu kwenye maji ya barafu, maswali ya hesabu ya harakaharaka, kuvutwa vidole vya miguu. Maziwa aliyopata mtoto yakapungua sana. Alipochomwa oksitosini huku usumbufu ukiendelea, yakarudi karibu na kiwango chake cha kawaida. Maziwa yalikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni ruhusa ya kutoka.

Niliposoma hapo nikajisikia vibaya. Paka mgongoni mwa dada yangu alikuwa mimi.

Asubuhi nilimwomba radhi. Nikamsimulia habari ya yule paka, akacheka mpaka akashika tumbo, mara ya kwanza tangu arudi hospitali. Shangazi mdogo akawatoa watu wote chumbani. Jirani yetu, mkunga mstaafu, akaja kumwonyesha namna ya kumweka mtoto vizuri kwenye titi. Jioni mtoto alinyonya mpaka akalala.

Sisemi ni kicheko kilichofanya kazi. Huenda ni yule mkunga, huenda ni vyote pamoja, na mama mwenye shida ya maziwa anahitaji mtaalamu, siyo mwandishi wa habari. Lakini nimejiuliza: babu hakuwahi kumgombeza ng'ombe aliyebana maziwa. Alitutoa sisi zizini, akasubiri. Ilikuwaje sisi, pamoja na shule zetu zote, tukashindwa kumfanyia hivyo dada yetu?