Mtihani wa Ugenini

Napenda kuwasimulia ndugu zangu, na khasa vijana, jambo lililotupata mimi na binti yangu. Kwani katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani yetu leo mna mtoto aliyevuka bahari na cheti chake mkononi.

Binti yangu ni mpiga picha za eksirei. Alisomea kazi hiyo miaka mitatu Nairobi, akarudi kwetu Mombasa akaifanya miaka sita, kisha akaolewa na kufuatana na mumewe mpaka Toronto, nchi ya Kanada. Huko aliambiwa kwamba masomo yake yatapimwa kwanza, na yakikubaliwa ataukalia mtihani ule ule wanaoukalia vijana waliosomea huko, yaani mtihani wa chama kiitwacho kwa herufi zake CAMRT, kilichoasisiwa mwaka 1942. Akishinda, ndipo baraza la jimbo la Ontario litakapomwandikisha. Kabla ya hapo haruhusiwi kumpiga picha mgonjwa hata mmoja. Basi mchana akawa anafunga masanduku ghalani, na usiku anasoma.

Mimi, nasema kweli, nalikasirika. Naliona ni dharau. Mtu aliyepiga picha mifupa ya watu miaka sita aambiwe leo akae na watoto aulizwe mfupa wa paja ni upi! Nalikaa na hasira hiyo miezi, hata siku moja, nikimsikiliza mwanafunzi akirejea juzuu aliyokwisha kuihifadhi, nikakumbuka kwamba Mtume s.a.w. alikuwa kila Ramadhani akidurusu Qur'ani na Jibrili, na katika mwaka aliofariki walidurusu mara mbili. Yeye ndiye aliyeteremshiwa, wala hakuona kusikilizwa ni dharau. Basi usiku ule nalimpigia simu nikamwambia, "Mwanangu, tudurusu."

Wakati wa baridi saa zetu zinatangulia za Toronto kwa saa nane. Nikimaliza sala ya Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kwake ni saa tatu na nusu za usiku, kesharudi kazini. Alikuwa akiandika maswali katika karatasi, akizipiga picha na kuniletea kwa simu, nami namsomea kwa Kiingereza changu cha skuli ya msingi. Alikuwa akicheka nikitamka majina ya mifupa, na mimi nikimwacha acheke, kwa kuwa katika miezi ile sikumsikia akicheka kwa jambo jingine.

Hivyo mwalimu wa chuo nikajifunza eksirei uzeeni. Nalijifunza kwamba miale ile haionekani, haina harufu, wala haiumi inapopenya mwilini. Mjerumani Wilhelm Röntgen aliigundua mwezi wa Novemba 1895, na kabla ya mwaka kwisha alikwisha piga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete yake ikaonekana. Watu waliifurahia wakaichezea. Clarence Dally, aliyekuwa msaidizi wa Thomas Edison kule Marekani, aliungua nayo hata akakatwa viungo, akafa mwaka 1904. Ndiyo maana maswali mengi ya mtihani huu si ya picha bali ya amana: nani asimame wapi, nani afunikwe kwa risasi, mwanamke aulizwe nini kabla ya kupigwa picha ya tumbo. Ukisimama mbali mara mbili ya pale ulipokuwa, miale inayokufikia haibaki nusu kama nilivyomjibu mimi kwa haraka, bali hubaki robo.

Na swali lililonikaa moyoni ni la shingo. Shingo ya mtu ina mifupa saba. Mtu akianguka, tuseme juu ya mnazi, akaletwa hospitali akapigwa picha ya ubavuni, picha haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka ionekane mifupa yote saba, na pale wa saba unapokalia mfupa wa kwanza wa kifua. Lakini mabega huuficha huo wa saba. Mpiga picha mvivu atatosheka na sita, na huenda mvunjiko uko hapo chini penye kivuli, na mgonjwa akaambiwa, "Huna neno, inuka."

Mara ya kwanza hakupita. Alinipigia simu mwenyewe, hakulia, na hilo lilinihuzunisha zaidi ya kilio. Nafasi za kuurudia mtihani ule zina hesabu, hazirudiwi milele. Ada nayo hulipwa upya. Mimi nalikuwa nimekwisha kuuza fungu langu la minazi kwa ajili ya ada ya kwanza.

Siku chache baadaye akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia. Mtu mmoja anayemjua, naye ni mgeni kama yeye, alikuwa na karatasi za maswali yaliyotoka katika mitihani iliyopita. Waliotoka chumbani waliyakumbuka wakayaandika, mmoja baada ya mwingine, na sasa yanauzwa kwa siri. Kila mtahiniwa alikuwa ametia saini kwamba hatayatoa. "Baba," akasema, "mimi sikuyaiba. Nikiyasoma, nina kosa?"

Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba nalimjibu papo hapo. Sikumjibu. Nalimwambia nimesikia, aningoje mpaka kesho. Na usiku ule, mimi niliyewafundisha watoto miaka thelathini, nalikaa nikitafuta mlango. Nalisema ni dharura. Nalisema kazi anaijua, kinachomshinda ni namna yao ya kuuliza tu. Nalifikiri minazi yangu. Kila nikifungua mlango nikakuta nyuma yake kisa cha lile fungu la chakula sokoni, Mtume s.a.w. alipotia mkono ndani akakuta maji, naye mwenye chakula akasema ni mvua. Kisa hicho binti yangu nalimfundisha mimi, akiwa na miaka tisa, naye alikijua vizuri kuliko wenzake wote.

Asubuhi yake naliingia chuoni kama kawaida. Palikuwa na mtoto mmoja mgeni aliyesifiwa na mama yake kwamba herufi amezimaliza. Nalimwambia asome, akaimba alifu mpaka yee bila kukosa, sauti nzuri. Sisi walimu tuna hila yetu: hutoboa tundu katika kipande cha karatasi, tukakiweka juu ya ubao pahala popote, ikaonekana herufi moja peke yake. Nalimwekea tundu juu ya 'aini. Akanyamaza. Nikamwekea juu ya dali, akaanza kuimba kutoka alifu ili aifikie.

Alfajiri ya pili nalimweleza binti yangu habari ya mtoto yule, kisha nikamwuliza, "Atakapokuja aliyeanguka mnazi, karatasi ile itakuonyesha mfupa wa saba?" Akanyamaza kitambo. Nikamwambia pia kwamba usiku wa jana mimi mwenyewe nalitafuta mlango sikuupata, kwani sikutaka adhani baba yake ni malaika. Akasema, "Basi soma swali, Baba, saa inakwenda." Karatasi zile hatukuzitaja tena. Fedha za ada ya pili alizipata ghalani, kwa kazi ya ziada siku za Jumamosi na Jumapili, miezi saba.

Aliukalia tena, na matokeo yakaja: amepita. Mama yake alipiga vigelegele hata majirani wakatoka vibarazani. Mimi nalisujudu sijida ya shukuru, kisha nikaichukua simu, na la kwanza nililomwuliza lilikuwa hili: "Haya, walikuuliza nini? La shingo lilitoka?"

Akacheka cheko lake lile la mifupa. "Baba," akasema, "nimetia saini kwamba sitasema."