Mwani Wetu Umefika Handsworth

Dada yangu,

Mimi mzima, ila baridi imeniingia mpaka mifupani. Nimefikia kwa binamu yetu, mtaa wa Handsworth, Birmingham. Hapa ni bara hasa: kijiji cha Coton in the Elms, kinachotajwa kuwa mbali na bahari kuliko pahala popote Uingereza, hakiko mbali nasi. Kilomita 113 hadi maji ya chumvi! Wewe hapo Paje, Unguja, unalala unasikia mawimbi yakipiga mwambani. Mimi nasikia mvua na mabasi.

Jumamosi tulitoka kwenda Soho Road. Wallahi, nilidhani niko sokoni Darajani. Sari zinang'aa madirishani, jalebi zinatolewa kwenye mafuta, na nje ya maduka kuna magimbi, mabamia, ndizi mbichi, na mihogo iliyopakwa nta ili isioze. Wapunjabi na Wajamaika wamejenga maisha hapa miaka mingi, na wanasalimiana kama majirani wa kwetu.

Ndani ya duka moja la Mjamaika, nyuma ya viazi vikuu, nikauona mwani. Mkavu, umepauka, chumvi bado imeganda kwenye vijitawi, na kibandiko kinasema umetoka Zanzibar. Nikaunusa: ni ile ile harufu ya uani kwenu siku ya kuanika. Gramu 100 ni pauni 6, yaani karibu shilingi 20,000 za kwetu. Na wewe kilo nzima mnunuzi anakupa chini ya elfu moja! Nilisimama pale na mfuko mkononi, nakuwaza ulivyoinama majini na jua la utosini, unafunga taitai, vile vikamba vidogo vya mwani, kwenye kamba.

Jumapili mama mmoja wa Kijamaika, jirani wa binamu, akatuonyesha mwani unavyonywewa. Alikuwa ameuroweka usiku kucha. Akauosha maji mengi, akakamulia ndimu, akauchemsha mpaka ukayeyuka ukawa uji mzito, akauchuja. Kisha mdalasini, kungumanga ya kukwangua, vanila na maziwa mazito ya kopo, ukaingia kwenye friji. Jioni tukanywa. Ni mzito, baridi, mtamu, unateremka kooni polepole, na ile shombo ya bahari huisikii kabisa. Kwao ni kinywaji cha kutia nguvu, na wazee wao walikuja na mapishi hayo kutoka Jamaika. Niliomba tena.

Jumatatu binamu akanipeleka mjini kwenye duka la vyakula vya Asia. Rafu nzima ya mwani wa Kijapani! Kuna nori, zile karatasi nyeusi za kufungia wali. Zamani wavuvi wa Japani walichomeka matawi ya miti na mianzi baharini wakingoja nori ijishikie yenyewe, bila kujua mbegu inatoka wapi. Aliyegundua ni Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, mtafiti wa Manchester, mji usio mbali na hapa. Mwaka 1949 alieleza kwamba kiangazi mwani ule hujificha ndani ya makombe, mdogo mno. Tangu hapo Wajapani wakaweza kuupanda kwa uhakika. Hakuwahi kukanyaga Japani, lakini kila Aprili watu wa mji wa Uto huko hukusanyika kwenye mnara wake kumshukuru. Nimempenda mama huyo.

Sisi tulianza kilimo cha mwani mwaka 1989, hapo hapo Paje na Jambiani. Tunafunga, tunavuna, tunaanika, tunapakia magunia, nao unakwenda ng'ambo kukamuliwa kile kinachotia uzito aiskrimu na dawa ya meno. Watoto wetu wengi hawajui hata ladha yake. Hilo limeniuma.

Basi dada, nakuomba: bamvua hili usimpe mnunuzi mwani wote. Tenga wa jikoni, uwapikie watoto. Mdalasini na kungumanga Unguja tunavyo. Na mkikaa na wenzako wa ushirika kupanga bei, waambie niliyoyaona kwa macho yangu Soho Road: gramu 100, pauni 6.